Kuuza nyumba ili kulipa bili: Tiba inayoweza kuzaa maradhi mengine

UGONJWA wa muda mrefu hauli mwili wa mgonjwa peke yake. Huanza na akiba ya benki, ukaenda kwa mifugo, ukafika kwenye ploti, na mwishowe ukabisha mlango wa nyumba yenyewe.

Hospitali za Nakuru hupokea wagonjwa kutoka Molo, Njoro, Subukia, Gilgil na hata Baringo. Wengi husaidiwa na harambee za jamaa, kanisa na wafanyakazi wenzao. Lakini harambee ya tatu haichangi kama ya kwanza. Familia hubaki ikitazamana, na kilichosalia ni nyumba.

Hapo ndipo hujitokeza mtu mwenye pesa taslimu. Husema yuko tayari kuinunua nyumba juma hilo hilo, na wenyewe waendelee kuishi humo humo kama wapangaji. Hakuna kufunga mizigo, watoto hawabadilishi shule, na majirani hawatajua lolote. Kwa mtu ambaye hajalala siku tatu akimuuguza mgonjwa, maneno hayo ni matamu sana.

Hata hivyo, ni vyema kupiga hesabu kwanza. Tuchukue mfano wa nyumba iliyoko Lanet yenye thamani ya Sh3,000,000. Kwa kuwa mwenyewe ana haraka, anapewa Sh1,800,000. Kisha anatozwa kodi ya Sh15,000 kwa mwezi, yaani Sh180,000 kwa mwaka. Katika muda wa miaka 10, mnunuzi atakuwa amerudishiwa pesa zake zote, na nyumba bado ni yake.

Bili ya hospitali huwa na mwisho, lakini kodi haina. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji kwenda hospitalini karibu mara mbili kila wiki, na huendelea hivyo maisha yake yote asipopata figo nyingine. Mara nyingi mgonjwa huyo ndiye aliyekuwa akileta mshahara. Je, kodi ya mwaka wa pili italipwa na nani?

Nyumba ni sehemu ya matibabu

Madaktari huandika dawa, lakini dawa huhitaji mahali pa kukaa. Insulini yataka kuhifadhiwa mahali penye baridi. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa kali hupungukiwa na kinga ya mwili, kwa hivyo huhitaji maji safi, choo safi na chumba kisichosongamana watu. Anayetegemea mashine ya figo hufaa kuishi karibu na hospitali.

Familia ikifukuzwa na kuhamia chumba kimoja mbali na mji, mambo hayo yote huharibika kwa siku moja. Wasiwasi nao una madhara yake. Mtu mwenye hofu na asiyelala huweza kupandwa na shinikizo la damu, na sukari ya mgonjwa wa kisukari hupanda akiwa na mfadhaiko.

Mpangaji ana kinga ndogo

Wengi hawajui kwamba mwenye deni la benki hulindwa na sheria kuliko mpangaji. Aliyeweka nyumba rehani akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka apewe notisi ya muda usiopungua miezi 3 ili arekebishe deni. Baadaye lazima apewe notisi nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa.

Mpangaji wa mwezi kwa mwezi aweza kuondolewa kwa notisi ya mwezi mmoja. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba nayo huwalinda wanaolipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Anayelipa Sh15,000 hayumo.

Biashara ya namna hii si ngeni Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 huko Unguja, wenye mashamba ya karafuu waliohitaji pesa waliwauzia matajiri mashamba yao kwa mapatano yaliyoitwa bei khiyari. Muuzaji alikuwa na haki ya kulikomboa shamba, na huku alilipa kodi ili aendelee kulitumia. Kwa kweli ulikuwa mkopo uliovaa kanzu ya mauzo, na kodi ndiyo iliyokuwa riba.

Nchini Uingereza, mauzo ya nyumba ya aina hii yalizua malalamiko mengi, hata yakawekewa sheria mwaka 2009. Muuzaji alipewa siku 14 za kubadili nia, na upangaji wa miaka isiyopungua 5. Ukaguzi wa mwaka 2012 uligundua kwamba mikataba mingi haikuwafaa wauzaji, na biashara hiyo ikafungwa karibu yote. Hapa kwetu muuzaji hana budi kujilinda mwenyewe.

Kabla ya kutia sahihi

Kwanza, usikubali kuharakishwa kwa sababu mgonjwa amezuiliwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Pumwani kwa ajili ya bili kulikiuka Katiba. Katika hospitali ya umma, muone afisa wa ustawi wa jamii na uulize kuhusu msamaha au kulipa kidogo kidogo. Hakikisha pia kwamba mgonjwa amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, na uulize inalipia nini.

Pili, linganisha na mkopo wa chama cha ushirika, au kuuza sehemu ya ploti na kubakisha nyumba.

Tatu, ahadi ya mdomo kwamba utauziwa tena nyumba yako haina nguvu. Mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Muda wa upangaji, kiasi cha kodi na bei ya kuinunua tena viandikwe humo. Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa mnunuzi.

Nne, nyumba ya mke na mume haiuzwi bila idhini ya wote wawili, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Ikiwa iko kwenye shamba, kama vile sehemu nyingi za Njoro, Molo na Bahati, idhini ya bodi ya kusimamia ardhi pia huhitajika.

Huenda baada ya yote hayo kuuza kukawa ndiyo njia iliyobaki. Basi na iuzwe kwa bei yake halali, mchana peupe, huku familia nzima ikijua. Mgonjwa akipona atahitaji mahali pa kurudi, na asipopona, wanawe watapahitaji zaidi.