Mwanangu anafundishwa kuimba na kuigiza, kuna faida gani? Tuangalie Tarime na Serengeti



Wazazi wengi huuliza suala hili, na huuliza kwa nia njema. Mtoto amepelekwa skuli asome hesabu na sayansi, jioni anakwenda chuoni. Sasa mwalimu anambakisha baada ya masomo afanye mazoezi ya igizo na nyimbo. Ina faida gani? Na je, inafaa kisheria?

Yote mawili tutayajibu, ila tunaomba tuanzie mbali kidogo na visiwani, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara, kule karibu na mpaka wa Kenya. Huko wapo wasichana ambao wimbo na igizo ni miongoni mwa vitu vilivyowasaidia kubaki wazima.

Wenyeji wengi wa Tarime na wa sehemu kubwa ya Serengeti ni Wakurya. Ni watu wa ngoma. Wana litungu, ala ya nyuzi nane yenye sauti nzito, na wana mchezo ambao wachezaji huvaa vibao vizito vya mti miguuni na kukanyaga ardhi mpaka vumbi linyanyuke. Anayeuona mara moja hausahau. Lakini katika ada zao ipo pia ile ya kuwakeketa watoto wa kike. Msimu wake hutangazwa na wazee wa mila, mara nyingi katika likizo ya Novemba na Disemba, na aghalabu katika miaka inayogawika kwa mbili.

Hapa ndipo panapotuhusu. Mtoto haburutwi kwa nguvu kila mara. Wengi huvutwa kwa ngoma. Waliokeketwa hurudishwa nyumbani kwa nyimbo na vigelegele, wamepambwa, jamaa wanawatunza fedha na zawadi, na njia nzima watu wanacheza. Msichana wa miaka 12 aliyesimama pembeni anaona wenzake wamekuwa watu wakubwa kwa siku moja. Na yeye ambaye hajakatwa ana jina lake, msagane, nalo hutupwa kama tusi mtoni, sokoni, hata skuli. Kwa hiyo yeyote anayesema sanaa ni mchezo wa watoto tu, na aende akaone kazi inayofanywa na nyimbo zile. Zinafundisha kwa nguvu kuliko kitabu, ila zinafundisha jambo la madhara.

Sheria ipo. Tangu 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana imelifanya kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake huanzia kifungo cha miaka mitano. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 umeonyesha kuwa katika mkoa wa Mara asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na kwa nchi nzima ni asilimia 8. Familia nyingine zimejibu sheria kwa kufanya jambo hilo usiku, kwa kuwakata watoto wakiwa wadogo zaidi, au kwa kuvuka mpaka. Tangazo la serikali halina ngoma, wala halimwambii mtoto atakuwa nani ikiwa hatakuwa msagane wa kuchekwa.

Waliolifahamu hilo ni wale waliofungua nyumba za kuwahifadhi wasichana. Tarime kuna kituo cha Masanga, kinachoendeshwa kwa msaada wa masista wa Kikatoliki. Serengeti, katika mji wa Mugumu, kuna Nyumba Salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Bi Rhobi Samwelly. Yeye mwenyewe alikeketwa utotoni na nusura afe kwa kutokwa na damu, na habari yake na ya wasichana anaowapokea imeonyeshwa katika filamu ya Giselle Portenier iitwayo In the Name of Your Daughter, ya mwaka 2018. Wengi wa wenye nyumba hizi si Waislamu. Hilo halituzuii kusema kweli juu ya wema walioufanya.

Msimu unapokaribia, wasichana hukimbilia huko, wengine usiku, wengine kwa miguu kupitia porini. Huko hupewa kitanda na chakula, hufundishwa sheria na afya, wengine hujifunza cherehani. Na huimba. Hutunga nyimbo kwa mapigo yale yale ya Kikurya, wakayageuza maneno yake. Hutunga maigizo yenye baba anayehesabu ng'ombe wa mahari, shangazi anayeshawishi, ngariba na wembe wake, na mtoto anayekataa. Kambi inapokwisha huagwa kwa sherehe, wakacheza mbele ya watu, nao wakaonekana wamekua bila ya kumwaga damu. Wasimamizi wangeweza kuwapa mihadhara mitupu. Waliona kuwa msichana aliyevutwa na ngoma hawezi kurudishwa kwa hotuba.

Kwa nini igizo hasa? Kwa sababu ya heshima. Katika mila ile, kama zilivyo zetu, binti hamwambii baba yake uso kwa uso, "Sitaki." Hayo ni utovu wa adabu, na pengine atapigwa. Lakini akiwa juu ya jukwaa si yeye anayesema, ni mtoto wa kwenye igizo. Baba aliyekaa kwenye benchi anayasikia maneno yote, wala hakuna aliyevunjiwa heshima. Anaweza kucheka, anaweza kununa, ila hawezi kusema hakuyasikia.

Nchi yetu ina uzoefu mrefu wa njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji. Kwanza waliuliza watu nini kinawasumbua, na miongoni mwa majibu zilikuwamo mimba za wasichana. Kisha wakatunga pamoja nao kwa ngoma za pale pale, wakaonyesha, halafu ukaja mjadala. Mwaka 1996 wawili kati ya walimu hao, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika skuli za sekondari. Jina linajieleza. Wasichana walichunguza wenyewe yanayowakwamisha kusoma, wakayatungia igizo, wakawaonyesha walimu na wazazi, na baada ya hapo wakakaa pamoja kuzungumza. Njia hiyo imekwenda mpaka nchi nyingine za Afrika.

Ule mjadala ndio wenye uzito. Igizo lisilofuatwa na mazungumzo ni burudani, na watoto wetu burudani wanazo za kutosha kwenye simu. Pia si haki kumpandisha mtoto aliyedhurika mbele ya wageni na kamera asimulie yake mwenyewe kwa machozi. Faida yote ya igizo ni kuwa linampa mahali pa kujificha. Ukimvua pazia hilo umemdhuru mara ya pili.

Wala tusiibebeshe sanaa mzigo usio wake. Wimbo haufungi mlango usiku. Msichana wa Mugumu anahitaji pia askari atakayekuja akipigiwa simu, na mzee atakayekubali kumpokea nyumbani msimu ukipita.

Tuje kwenye hukumu. Ukeketaji wa Mara ni mila ya ukoo, haukutoka katika dini yetu. Wanazuoni waliokutana Cairo chini ya Al-Azhar Novemba 2006 waliukemea kwa madhara yake, na mwaka 2007 Mufti wa Misri akatamka kuwa ni haramu. Ama nyimbo na michezo, imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa wasichana wawili walikuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Mama Aisha (R.A.). Sayyidna Abubakar (R.A.) akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache kwa kuwa ni siku ya Idi. Imepokewa pia kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mama Aisha akawatazama akiwa nyuma ya Mtume (S.A.W.). Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa mshairi, na alisoma mashairi yake msikitini.

Wanazuoni wamekhitalifiana katika ala za muziki. Jamhuri yao wanazikataza za nyuzi na za kupuliza na wanaruhusu dufu katika Idi na harusi, na wapo walioruhusu zaidi ya hapo. Anayechukua kauli nzito ana dalili yake, asidharauliwe. Lakini igizo na shairi havihitaji ala. Kinachoangaliwa ni maneno yanayosemwa, stara, kutochanganyika kwa njia isiyofaa, na kutopita wakati wa sala. Wallahu a'alam.

Na visiwani? Ukeketaji kwetu ni nadra sana, tumshukuru Allah. Sisi tuna udhalilishaji wa watoto, na tuna muhali. Mtoto anadhalilishwa na mtu wa karibu, jirani, pengine mjomba au anayemsomesha. Hana maneno ya kusemea, na akiyapata anaambiwa anyamaze, ni aibu ya familia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya 2011, inamlinda, lakini sheria husubiri mtu aseme. Binti wa Serengeti amefundishwa kusema kwa igizo. Wetu tumemfundisha nini?

Hatukosi mahali pa kuanzia. Watu wa pwani ni watu wa utenzi. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alimuachia binti yake usia kwa shairi. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye sahani zake za mwanzo zilirikodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba habari ya mwanamke aliyedhulumiwa na kuuawa, na ya kesi iliyokwenda kombo, katika wimbo wa Kijiti. Tunaweza kukhitalifiana juu ya taarabu, lakini wimbo ule uliyasema yale ambayo mahakama iliyaacha.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu akikwambia mwanao yumo katika igizo, muulize igizo linasema nini, nani ameyatunga maneno, na baada ya hapo watoto watazungumza na nani. Nenda ukatazame, baba pia, si mama peke yake. Mkirudi njiani usimuulize kama alishangiliwa. Muulize yule mtoto wa kwenye igizo aliogopa nini, halafu nyamaza umsikilize. Akikwambia jambo linalomhusu yeye mwenyewe, usimkaripie wala usiite kikao cha ukoo kwanza. Mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila ya malipo, Bara na Visiwani.