Haraka ya Abramu, Machozi ya Hajiri

Abramu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, ameshaahidiwa kuwa taifa kubwa. Mwanawe Isaka alipozaliwa, baba alikuwa na miaka 100 na mama, Sarai, 90. Kitabu cha Mwanzo hakina haraka, na anayetaka kujifunza subira humo hana budi akisome huku akihesabu umri wa watu.

Wengi hufundisha kwamba Abramu alikosa kwa kuwa alichoka kungoja. Siamini. Katika Mwanzo 15 anamlalamikia Mungu waziwazi: hana mtoto, na mrithi wake atakuwa Eliezeri, mtu wa Dameski. Mungu hamkemei. Anamtoa nje, anamwonyesha nyota, na ni hapo hapo, baada ya malalamiko yale, ndipo imani yake inahesabiwa kuwa haki. Basi dada anayelia usiku kwa sababu ndoa yake haijapata mtoto, na kwenye kila sherehe ya ukoo mashangazi wanamtazama tumbo, asidhani kwamba machozi yamemtoa katika imani.

Mambo yanaharibika katika Mwanzo 16. Sarai anamwambia Abramu apate mtoto kwa mjakazi wake, Abramu anamsikiliza Sarai. Safari hii hakuna anayemlilia Mungu. Wala hakuna anayemwuliza Hajiri, mjakazi wa Kimisri ambaye tumbo lake ndilo linalopangiwa. Mpango wenyewe haukuwa kioja kwa watu wa zama zile. Kati ya vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Nuzi, karibu na Kirkuk nchini Iraki, kuna mkataba wa ndoa unaomtaka mke asipozaa amtafutie mumewe mwanamke mtumwa. Sheria ya 146 ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, inamtaja mjakazi aliyetolewa hivyo, akazaa, kisha akajiona sawa na bibi yake: bibi haruhusiwi kumwuza, ila anaweza kumrudisha katika hesabu ya watumwa. Desturi iliruhusu, na jirani asingeshangaa. Ndiyo maana haraka ni ngumu kuitambua: mara nyingi haivunji sheria yoyote.

Aliyeilipia ni Hajiri. Mimba ilipoingia, ugomvi ulianza. Abramu akamwachia Sarai afanye apendavyo, naye akamtesa hadi mjakazi akatorokea jangwani, njia ya Shuri. Malaika alimkuta kando ya chemchemi, na mwanamke huyo aliyekimbia akampa Mungu jina, jambo ambalo Biblia haisemi mtu yeyote alilifanya kabla yake. Ndugu zetu Waislamu humkumbuka kila mwaka: mahujaji wanaokwenda mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa wanafuata nyayo za mama ambaye baadaye alimtumaini Mungu huku akihangaika kumtafutia mwanawe maji. Naipenda sana kumbukumbu hiyo. Hajiri hakukaa chini akasubiri, wala hakumwumiza mtu ili apate maji.

Kwa hiyo, kabla hatujaiita hatua fulani kuwa ni kumsaidia Mungu, tuulize kwanza nani ataibeba. Je, ni binti anayeozwa ili mambo ya nyumbani yanyooke? Ni mfanyakazi asiyeweza kukataa? Kama mzigo utamwangukia mtu ambaye hakuulizwa, tusubiri.

Hajiri alirudi, na mwanawe Ishmaeli alizaliwa Abramu akiwa na miaka 86. Mungu anapotokea tena, katika Mwanzo 17, mzee ana miaka 99, naye na Sarai wanapewa majina mapya, Abrahamu na Sara. Miaka 13 imepita bila neno lililoandikwa. Lakini maisha yaliendelea, na tunalijua hilo kwa ombi moja. Akiambiwa kwamba Sara atazaa, Abrahamu anaanguka kifudifudi, anacheka, kisha anamwombea Ishmaeli aishi mbele za Mungu. Hilo ni ombi la baba aliyemlea kijana wake na kumpenda. Mungu analikubali: Ishmaeli atabarikiwa, atazaa maseyidi 12, atakuwa taifa kubwa. Naye Isaka atazaliwa mwaka ujao, majira kama hayo.