Maksi Zilizobaki Pembeni mwa Karatasi

Nilizilaza karatasi mbili mezani. Moja ya maswali, ile wanayoruhusiwa kutoka nayo ukumbini. Nyingine ya majibu, imerudi kutoka kwa mwalimu na 21 ya wino mwekundu iliyozungushiwa duara. Mpwa wangu alikaa upande wa pili ameinamisha kichwa, anasubiri kusemwa. Yuko Kidato cha Nne. Hiyo ilikuwa pepa ya moko ya Hisabati, na mama yake, dada yangu, alikuwa ameshasema ya kutosha: hujasoma, unashinda kwenye simu, wenzako wanawezaje.

"Mjomba, mimi Hesabu haipandi," aliniambia. "Hata nikipiga msuli usiku kucha, haipandi."

Sikumjibu. Nilifungua swali la seti. Lilikuwa hivi: darasa lina wanafunzi 40, 25 wanasoma Fizikia, 20 wanasoma Kemia, na 8 hawasomi hata moja kati ya hayo. Wangapi wanasoma yote mawili? Kwenye karatasi ya majibu palikuwa na namba moja tu, 14, na pembeni yake sifuri nyekundu. Nikamwuliza alifanyaje. Akaanza kunieleza kwa mdomo, bila kusita: unatoa wale 8 kwenye 40, wanabaki 32, unajumlisha 25 na 20, inakuja 45, ile 45 imezidi 32 kwa sababu kuna watu wamehesabiwa mara mbili, kwa hiyo unatoa.

"Inabaki ngapi?"

"Kumi na nne." Akanyamaza. "Hapana. Kumi na tatu."

Ndipo nilipoigeuza karatasi ya maswali. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo, hesabu yote ilikuwapo: 40 – 8, 25 + 20, hata duara mbili zilizopishana. Kila hatua aliyotakiwa kuionyesha alikuwa ameiandika, ila kwenye karatasi aliyorudi nayo nyumbani. Msahihishaji aliletewa 14 tupu, na 14 si jibu.

Nilimwuliza kwa nini hakuyaandika kule. Alisema hakutaka kuchafua karatasi ya majibu.

Nimeona niandike makala hii kwa sababu ya jibu hilo. Wazazi wengi tukiona F ya Hisabati, mkono unakwenda moja kwa moja mfukoni: tuisheni ya jioni, pindi za Jumamosi, kitabu kingine. Vyote vina faida yake. Lakini kabla ya kununua chochote, kaa chini na mtoto, muifungue pepa aliyofeli, mtafute pamoja maksi zilikokwenda. Mimi si mwalimu wa Hesabu, na kazi hiyo haikunitaka niwe mwalimu. Ilinitaka nimwulize, kisha nimsikilize.

Tulichukua jioni mbili. Kila maksi aliyoikosa tuliiweka kwenye fungu lake. Fungu la kwanza, hajui kabisa, mada haijaingia. La pili, anajua ila amekosea njiani, au hakuonyesha kazi, au hakuelewa swali limetaka nini. La tatu, hakufika, muda uliisha. Alipojumlisha mwenyewe alipata 34, 27 na 18. Ukiongeza 21 alizopata, mia imetimia.

Alizikodolea macho namba zile kwa muda. Alikuwa amekuja mezani akiamini kwamba zile 79 zote ni za ujinga wake. Kumbe zaidi ya nusu zilipotea kwa sababu nyingine. Sisemi kwamba angezipata zote 45. Hakuna mtahiniwa anayeokota kila kitu. Lakini kwa viwango vya Kidato cha Nne, D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Kutoka 21 hadi D ni maksi 9. Maksi 9 ni swali moja na nusu la sehemu A ya pepa, ambako kila swali lina maksi 6. Mtoto akiambiwa "faulu Hesabu" ameonyeshwa mlima usio na njia. Akiambiwa "tafuta maksi 9, na hizi hapa 27 ulizozijua ukazitupa", ana pa kuanzia.

Na hali ya somo hili nchini inataka tuache kuwaita watoto vilaza. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo ya waliolifanya somo, na hapo ilionekana ni nafuu kuliko mwaka uliotangulia. Watoto watatu katika kila wanne hawawezi wote kuwa wazembe. Yapo madarasa yaliyofurika na upungufu wa walimu. Ipo pia lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Mpwa wangu alisoma shule ya msingi ya serikali. Hesabu alifundishwa kwa Kiswahili: KDS, KKS, MAGAZIJUTO. Ukimwamsha usiku wa manane atakutajia: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Alipoingia Kidato cha Kwanza, somo lilelile likabadili lugha. Kwenye pepa yake kulikuwa na swali la vipengele viwili. Kwanza aliambiwa avunje x² – 5x + 6 kuwa mabano mawili. Akaandika (x – 2)(x – 3), sahihi kabisa, akapewa tiki. Kipengele cha pili kilianza na neno "hence", kisha kikamtaka atafute x pale hesabu hiyo inapokuwa sawa na sifuri. Jibu lilikuwa mstari mmoja tu kutoka alipoishia: 2 na 3. Yeye akaanza upya kwa ile kanuni ndefu yenye kipeuo cha pili, akasahau kwamba hasi ya hasi tano ni chanya, akaishia na –2 na –3. Ukurasa mzima, dakika ishirini, maksi hakuna.

"Hiyo hence maana yake nini?" nilimwuliza.

"Si ni neno tu la kuanzia sentensi?"

Maana yake ni: kwa kutumia hicho ulichokwisha kukipata. Neno dogo hilo lilikuwa linamwonyesha mlango, naye hakulielewa. Siku hiyohiyo tulipitia pasti pepa za miaka mitano, tukaokota maneno ya kuamuru ambayo Baraza la Mitihani huyatumia tena na tena: kokotoa, rahisisha, onyesha kwamba, eleza katika umbo hili, kadiria hadi nafasi mbili za desimali. Hayakuzidi kumi na tano. Aliyaandika kwa Kiingereza upande mmoja wa karatasi na kwa Kiswahili chake upande wa pili, akayabandika ukutani juu ya kitanda. Hisabati inadai mengi, lakini kiasi hicho cha msamiati wiki moja inatosha.

Kisha muda. Pepa ya Hisabati ya Kidato cha Nne ni saa tatu, maswali 14, yote ya kujibiwa. Sehemu A ina maswali kumi ya maksi 6 kila moja. Sehemu B manne ya maksi 10. Dakika 180 kwa maksi 100 ni kama dakika moja na sekunde arobaini na nane kwa kila maksi. Tulikubaliana hivi: swali la sehemu A dakika 10, la sehemu B dakika 17. Jumla 168. Zinabaki 12, za kusoma pepa mwanzoni na kukagua mwishoni.

Kwenye moko alifanya nini? Swali la 2, la logi, lilimlia dakika arobaini. Aling'ang'ana nalo kwa sababu, kwa maneno yake, "nilikuwa nakaribia". Alipolimaliza alipata maksi 2. Na kule nyuma, kwenye sehemu B, lilimngoja swali la takwimu: jedwali la marudio, wastani, histogramu. Hayo anayaweza. Hakuligusa.

Hakuna sheria inayomlazimu mtahiniwa aanze na swali la kwanza. Anachodaiwa ni kuandika namba ya swali vizuri. Na kwa miaka ya karibuni mpangilio wa mada katika pepa hii umekuwa haubadiliki sana: swali la kwanza huwa namba, la pili vipeo na logi, la tatu seti na uwezekano, na ukifika sehemu B unaanza na takwimu na duara. Mtoto aliyefanya pasti pepa za kutosha anajua maswali yake yanakaa wapi kabla hajaifunua karatasi. Sisemi akariri. Nasema ajue nyumba zake, aanzie kwenye zile ambazo mlango uko wazi.

Tulianza mazoezi ya Jumamosi asubuhi, nusu ya pepa kwa muda wa saa moja na nusu. Hili lilihitaji mazungumzo na dada yangu, kwa sababu Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya maji, vyombo na nguo, na mtoto wa kike ndiye anayeitwa. Alikubali. Mdogo wake wa kiume akapewa vyombo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi: tunawataka mabinti wafaulu Hesabu huku muda wao tumeugawa kwa kazi za nyumba nzima. Dakika tisini zisizokatizwa na "hebu njoo mara moja" ni msaada mkubwa kuliko kitabu nilichomnunulia.

Sheria za meza zilikuwa zilezile za ukumbi. Simu inakaa chumbani kwa mama yake. Kikokotoo hakuna, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani huu hakiruhusiwi. Kinachoruhusiwa ni majedwali ya hisabati. Hapo nilijifunza kitu. Nyumbani alikuwa akifanya kazi zake zote kwa kikokotoo cha simu, kisha anaingia ukumbini mikono mitupu na kuanza kugawanya desimali ambazo hajazigawanya kwa mkono tangu darasa la saba. Makosa mengi ya lile fungu la pili yalitoka huko. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kula anafanya hesabu tano za mkono: sehemu, desimali, alama za hasi. Ni robo saa.

Na kila hatua kwenye karatasi ya majibu. Maelekezo ya pepa yenyewe yanasema kazi yote ionyeshwe wazi, na wanaosahihisha wanatoa maksi kwa njia, si kwa jibu la mwisho peke yake. Mtoto akiandika 40 – 8 = 32, kisha 25 + 20 = 45, kisha 45 – 32 = 14, amekosea mstari mmoja; maksi za mistari ya juu bado ni zake. Akikwama kabisa, aandike kanuni anayoikumbuka, achore umbo, aweke namba alizopewa, aondoke. Kwenye pepa hii hakuna maksi inayokatwa kwa kujaribu. Ukurasa mtupu ndio usioweza kupewa kitu.

Kuna hazina moja ambayo wazazi wengi hatuijui. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, nazo zinapatikana kwenye tovuti yake. Zinapitia swali moja moja: watahiniwa walifanyaje, walikosea wapi, na zinaweka picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, lililo bora na lililoharibika. Nilichapa kurasa chache stesheneri. Mpwa wangu alipoona mwandiko wa mtahiniwa asiyemjua akirudia kosa lilelile alilolifanya yeye, alicheka kwa mara ya kwanza mezani pale. Alidhani ni kosa lake peke yake.

Zile 34 za fungu la kwanza, zile za "sijui", ujanja wa chumba cha mtihani hauziponyi. Mada ya umbali juu ya uso wa dunia, latitudo na longitudo, haijui, na haitaingia kwa kupanga dakika. Kwa hizo anahitaji mwalimu. Lakini sasa anakwenda kwa mwalimu wake na swali moja lenye jina, na mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kulijibu swali la namna hiyo akiwa anatembea kwenda ofisini. "Mwalimu, sielewi Hesabu" halijibiki na mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita alifanya pepa nzima, saa tatu, saa ya ukutani ikiwa mbele yake. Alianzia swali la 11. Nilimwona katikati akilifikia swali la logi, akaandika mistari miwili, akaitazama saa, akaacha nafasi na kufunua ukurasa. Mkono ulikuwa mzito, lakini aliufunua.

Tulisahihisha pamoja kwa kufuata majibu ya mwalimu wake. Alipata 37. Nilitaka kumpongeza, ila alikuwa ameshachukua kalamu nyekundu na kurudi mwanzo wa karatasi, anahesabu kwa vidole.

"Mjomba, kuna kumi na moja hapa nilizijua," alisema. "Subiri nikuonyeshe."

Akavuta kiti upande wangu wa meza.