Fundi Akisema "Haliendi"

Kuna neno ambalo abiria wa Mbebe hawapendi kulisikia saa kumi na moja alfajiri: "Haliendi." Konda akilisema, watamgombeza. Dereva akilisema, watamwita mvivu. Lakini likitoka kwa fundi aliyelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana, hata mama mwenye gunia la maharage la kupeleka sokoni Tunduma hukaa juu ya gunia lake akasubiri.

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze huyo fundi anajua nini.

Mbebe ni kata ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, mkoa mchanga uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ileje ni nchi ya milima, inapakana na Malawi kwa upande wa Mto Songwe. Mtu wa huku akitaka mjini hushika njia ya Mpemba mpaka akutane na barabara kuu: kulia ni Vwawa na Mbeya, kushoto ni Tunduma, na mbele ya Tunduma ni Zambia. Magari yanayombeba si yale mabasi marefu ya Dar es Salaam. Ni Hiace, ni Noah, au ni Coaster iliyokwisha kufanya kazi ya miaka mingi Japani kabla ya kuja kuanza maisha mapya kwetu.

Fundi wa kampuni kubwa ana shimo la kuingilia chini ya gari na ana stoo ya spea. Wa basi la kijijini ana jeki, mawe ya kuzuia tairi, sanduku la spana, na simu ya kumpigia muuza spea Tunduma. Spea yenyewe ataletewa na dereva wa gari lingine. Isipoletwa leo, leo hakuna safari. Na gari hilo likilala, kuna mwanafunzi atakayechelewa kurudi shule na mgonjwa atakayekosa kliniki, kwa hiyo kila asubuhi fundi anapimana nguvu na watu wote hao.

Tuanze na maji. Shuleni mmefundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani, Tanga au Dar es Salaam. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa haikandamizi sana kama pwani, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Sasa fikirieni injini inayopanda mlima na abiria wamejaa. Rejeta ingekuwa wazi, maji yangeisha njiani. Kinachoyazuia ni kifuniko chake. Kina springi na mpira ndani, na kama mfuniko wa sufuria ya maharage uliowekewa jiwe, kinabana mvuke usitoke. Maji yakibanwa hivyo hupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Ndiyo maana fundi mzuri, gari likiletwa kwamba linachemsha, hakimbilii kushusha injini. Anaanza kutazama ule mpira wa kifuniko kama umepasuka. Na ndiyo maana hamruhusiwi kabisa kufungua rejeta ya moto: maji yaliyobanwa yataruka usoni.

Hapa nina ugomvi na mafundi wengi. Gari likichemsha, wanang'oa themostati na kuitupa, wakisema ni kitu cha magari ya nchi za baridi. Themostati ni kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, karibu nyuzi 82. Ileje mwezi wa Juni asubuhi ni baridi ya kutetemesha meno. Injini isiyo na kimlango hicho inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi na inasagika mapema. Mwenye gari anaona amepona, kumbe analipa kidogo kidogo kila siku kwenye kituo cha mafuta.

Breki ndizo zinazomfanya fundi aseme lile neno. Kwenye barabara kuu kati ya Mbeya na Tunduma kuna mteremko wa Mlima Senjele, na ajali zake zimetangazwa redioni mara nyingi. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukumwa kwenye mipira mpaka kwenye magurudumu, na pale chuma kinabanwa mpaka mwendo unageuka joto. Mafuta hayo yana tabia mbaya: hunywa unyevu wa hewa. Yakikaa miaka, maji yaliyomo huchemka kwenye mteremko mrefu na kutoa mapovu. Mafuta hayabinyiki, lakini povu linabinyika. Dereva anakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea. Na akiwa ameachia gia ili aokoe mafuta, injini nayo haimsaidii kulishika.

Dawa yake ni kuweka mafuta mapya na kutoa upepo. Kijana anakaa kwenye usukani, fundi yuko chini na mpira mwembamba uliochovywa kwenye chupa. "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Fundi analegeza nipo, ile skrubu ya kutolea upepo, ya gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, mapovu yanatokea kwenye chupa, anakaza. "Achia!" Wanarudia mpaka yatoke mafuta matupu, kisha gurudumu linalofuata. Kazi hiyo haiendi haraka hata abiria wakipiga kelele kiasi gani.

Simu inaita. Ni mwenye gari, anataka hesabu yake ya siku. "Bosi, pedali bado laini, haliendi." Bosi analalamika. Fundi anafunga simu, anaendelea. Mimi namheshimu mtu huyo kuliko anayejua kufungua giaboksi akiwa amefumba macho, maana mshahara wake unatoka mfukoni mwa huyo huyo bosi.

Jioni gari likirudi, anazunguka na kupeleka kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likitoa joto kuliko wenzake, ama breki inang'ang'ania, ama beringi imekauka grisi.

Mkitaka kazi hii, kuna vyuo vya VETA, na kuna gereji ambako kijana huanza kwa kuosha vyuma na kupokea spana. Fundi haangalii, anatoa mkono tu kutoka uvunguni na kutaja namba. "Kumi na mbili!" "Kumi na nne!" Ukimpa kumi na saba utajua mwenyewe. Nati za tairi za Hiace ni 21. Anzeni na hizo.