Siku mbili bila mzigo: Gitega au Ujiji?

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayepita Mugina na Manyovu mara mbili kwa mwezi anaweza kwenda Kigoma miaka kumi bila kuiona. Anajua stendi, ghala, mahali pa kubadilishia fedha na nyumba ya wageni yenye sehemu ya kulaza gari. Mzigo ukishafungwa, anageuza. Hali ni hiyohiyo kwa anayepandisha bidhaa Gitega: anashusha, anahesabu, anarudi Bujumbura kabla giza halijaingia.

Ila mwili hauna likizo ya forodha. Wenye biashara ndogo hawana mwajiri wa kuwapa mapumziko, na siku ambayo hawakufungua duka ni siku isiyoingiza kitu. Ndiyo maana wengi huishia Jumapili moja kwenye ufukwe wa Saga, simu sikioni. Kwa anayetaka kupumzika kweli siku mbili au tatu, na watoto wajifunze kitu, iko miji miwili ya kihistoria inayofikika kwa barabara kutoka Bujumbura: Gitega na Ujiji. Kila mmoja una sifa zake, na kuchagua kunahitaji hesabu kama ya mzigo wowote.

Gitega: karibu na pana ubaridi

Gitega iko takriban kilomita 100 kutoka Bujumbura, kwa njia ya Bugarama na Muramvya. Barabara inapanda milima tangu mwanzo, na joto la ziwani linabaki nyuma. Mtu wa Buyenzi au Kinama abebe sweta. Usiku wa Gitega si wa shuka moja.

Wajerumani waliufanya mji huu kituo chao cha utawala mwaka 1912. Tangu mwanzoni mwa 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, huku Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi. Pana Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yenye vifaa vya enzi za wafalme na picha za zamani. Si jengo kubwa. Saa moja na nusu inatosha kulitazama vizuri.

Kinachowavuta wengi kipo nje kidogo ya mji, kwenye kilima cha Gishora. Masimulizi yanasema mwami Mwezi Gisabo alijenga makao hapo baada ya kumshinda mtemi mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Nyumba za nyasi za mtindo wa kifalme zipo, na wapigaji ngoma wa Gishora wanaendeleza kazi ya wazee wao. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe, na utawala. Aliyekuwa na ngoma ndiye aliyekuwa na nchi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Anayetaka kuwaona wakipiga apatane nao mapema, kwa sababu hawakai uwanjani wakingoja mgeni mmoja mmoja.

Faida ya Gitega ni kwamba hakuna mpaka wa kuvuka, hakuna fedha ya kubadilisha, na usiku mmoja unatosha. Tahadhari kubwa ni mafuta ya gari. Miaka ya karibuni uhaba wa petroli umevuruga safari nyingi nchini, hivyo anayeondoka na gari lake ahakikishe ana ya kwenda na ya kurudi.

Ujiji: mbali zaidi, lakini ni nyumbani

Safari ya Ujiji inafuata ziwa kuelekea kusini. Kilomita chache tu baada ya kutoka Bujumbura, pale Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley. Watu wengi wa Bujumbura hukua wakiamini kwamba wazungu hao walikutana hapo. Sivyo. Walikutana Ujiji mwaka 1871, kisha wakapanda mtumbwi pamoja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona unaingia. Mugere walilala tu njiani, mwishoni mwa Novemba mwaka huo. Kwa hiyo anayekwenda Ujiji leo anaifuata safari yao kwa kinyume.

Baada ya Mugere barabara inapita Rumonge, mji wa mawese, kisha Nyanza-Lac, ndipo inapanda Mabanda hadi mpaka wa Mugina. Ng'ambo ni Manyovu, na kutoka hapo hadi Kigoma ni kilomita 60 hivi. Ujiji na Kigoma ni manispaa moja.

Ujiji ndipo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilipogusa ziwa. Burton na Speke walifika mwaka 1858 na kukuta soko ambalo tayari lilikuwa na wenyewe. Liliuza pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, samaki, mafuta ya mawese na nafaka. Sarafu yake ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, na mgeni aliyefika na nguo au shanga za aina nyingine ilibidi abadilishe kwanza ndipo anunue. Kila anayesimama Manyovu akihesabu faranga kwa shilingi atawaelewa wasafiri hao.

Soko hilo liliuza pia watu. Waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa hadi Ujiji na kutembezwa kuelekea pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hiyo ya misafara katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Anayependa mji wa zamani kwa milango yake na miembe yake asiruke ukurasa huo, hasa akiwa na watoto.

Historia hiyo inaigusa Bujumbura moja kwa moja. Familia nyingi za Buyenzi na za Rumonge zina asili ya watu wa misafara: Wamanyema, Waswahili wa Ujiji na wengine waliofuata biashara kandokando ya ziwa. Kiswahili cha Buyenzi kilifika kwa njia hiyo, zaidi ya miaka 100 kabla ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Hata miji hii miwili ina hesabu yake ya zamani: Rumaliza, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa na nguvu Ujiji mwishoni mwa karne ya 19, alijaribu kuingia Burundi kwa silaha, na majeshi ya Mwezi Gisabo, mwami yuleyule wa Gishora, yakamzuia.

Mjini Ujiji pana mnara wa kumbukumbu na makumbusho madogo yenye sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana. Mgeni hushangaa kuona maji yako mbali na mahali hapo. Wakati ule ziwa lilikuwa juu zaidi. Miaka ya 1870 lilifungua njia yake ya kutokea upande wa Kongo, mto Lukuga, na kina kikashuka. Watu wa Gatumba, ambao maji yamewafuata hadi vitandani miaka ya karibuni, hawahitaji kuelezwa kwamba ziwa hili huenda na kurudi.

Kigoma kwenyewe kuna stesheni ya Wajerumani, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika ziwani mwaka 1914. Bandari hiyo ndiyo nyumbani kwa meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927.

Hesabu ya mpaka

Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi kuingia Tanzania. Beba pasipoti au hati ya kusafiria, na ya kila mtoto. Kadi za njano ni mbili, wala zisichanganywe: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ni bima ya gari ya COMESA. Ukivuka unahama kutoka mkono wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto. Saa nayo inaruka: saa 11 jioni ya Mugina ni saa 12 ya Manyovu, na waliochelewa kwa sababu hiyo si wachache.

Na mzigo? Bidhaa zinazotoka ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti chepesi cha asili. Lakini anayefunga hata marobota mawili atalala akiyawaza, na mapumziko yatakuwa yamekwisha pale forodhani.

Kwa mwenye usiku mmoja, au mwenye watoto wasio na hati, Gitega inatosha na haina majuto. Kwa mwenye siku tatu, chaguo ni Ujiji. Kuondoka Ijumaa alfajiri, kulala Kigoma usiku mbili na kurudi Jumapili kunawezekana, mradi gari linafika mpakani mapema. Aende na mzee wa familia kama yupo. Huenda akawa na ndugu wa kuwaonyesha katika mitaa ile, na mtoto akajua kwamba barabara anayopita baba au mama yake na mizigo, babu zake waliipita kabla yake.