Laptopu ya zamani ikiingia giza, usikimbilie kuitupa

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wetu huku ughaibuni tumebaki na laptopu nzima kabisa ambazo hazina sifa za kuwekewa Windows 11. Mimi ninayo moja, ya mwaka 2011, niliyomwahidi mpwa wangu aliyeko Tanga, yuko kidato cha tano. Msafiri wa kuibeba alikuwa anaondoka Jumapili. Ijumaa usiku nikaweka Linux Mint kwenye flashi, nikaichomeka, menyu ikatokea, nikabonyeza Enter. Kioo kikawa cheusi tii! Feni inazunguka, taa zinawaka, picha hakuna.

Nusura niitangazie msiba. Kumbe mashine haina ugonjwa. Linux inapowaka hupanga yenyewe ukubwa wa picha kwenye kioo, na draiva ya kadi ya michoro isipoelewana na kadi yenyewe, jambo linalotokea kwa baadhi ya kadi kongwe, unabaki gizani huku ndani kazi inaendelea. (Kama giza linaanza hata kabla ya menyu, hapo Linux haihusiki, muone fundi.)

Dawa yake ni hii. Izime, iwashe tena, na kwenye menyu chagua “Compatibility mode”. Kama hiyo haipo, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na baada ya maneno quiet splash acha nafasi uandike nomodeset. Kisha bonyeza F10. Neno hilo linaiambia Linux isiguse mipango ya kioo kwa sasa.

Lakini mabadiliko hayo hayahifadhiwi. Mimi nilimaliza kuiweka Linux kwa furaha, nikawasha upya, giza likarudi palepale! Ikabidi nirudie: ukiwasha, shikilia Shift au gusa Esc mpaka menyu itokee.

Picha utakayoipata itakuwa mbaya, maandishi makubwa na video zinakwama. Usiridhike nayo. Unganisha intaneti, fungua “Update Manager” upakue masasisho yote, halafu “Driver Manager” uone kama kuna draiva ya kadi yako. Kadi kongwe sana huenda zisiwe nayo, kama yangu, lakini masasisho peke yake yalitosha: nikawasha bila nomodeset, picha ikajaa kioo kizima.

Jumapili ikapanda ndege. Chini yake nimebandika kikaratasi chenye neno lile, ili binti asije akahangaika.