ASKARI WALIOMO NDANI YA DAMU YAKO

Je, umewahi kuchomwa na mwiba shambani? Kesho yake mahali pale huvimba na huwa pa moto. Baada ya siku chache huenda pakatunga usaha. Unajua kwa nini?

Mwiba huingia pamoja na vijidudu vya maradhi. Vijidudu hivyo ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Lakini mwili haulali. Ndani ya damu mna chembe nyeupe. Hizi ndizo askari wa mwili. Tone dogo kama kichwa cha pini lina maelfu ya chembe hizo.

Vijidudu vikiingia, mishipa ya damu hutanuka. Chembe nyeupe hupenya na kwenda penye jeraha. Ndiyo sababu pale huvimba. Chembe hukizunguka kijidudu, hukimeza kizima, kisha hukimwagia sumu mpaka kife. Chembe nyingi nazo hufa kazini. Usaha unaouona una maiti za askari hao na za vijidudu.

Mtaalamu wa Urusi, Elie Metchnikoff, aliigundua kazi hii mwaka 1882 huko Messina, Italia. Aliwachoma miiba midogo watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonyesha ndani kama kioo. Asubuhi alikuta chembe zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel.

Wasaidie askari wako:

1. Toa mwiba. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji safi mengi.
2. Lifunike kwa kitambaa safi.
3. Usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo wala majivu. Huko ni kumwongezea adui nguvu.
4. Usikamue usaha.

Lakini askari huweza kuzidiwa. Ukipata homa au mtoki, au ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Tena, kijidudu cha pepopunda hutoa sumu ambayo askari hawa hawawezi kuizuia. Pepopunda huua. Kinga yake ni chanjo. Ukiumia, mwulize mganga wa zahanati kama chanjo yako imetimia.

Jadilianeni darasani: Hapa kijijini kwetu, watu hupaka nini kwenye jeraha? Je, kinamsaidia askari au adui?